Mashua Ambayo Dude Halikuigusa

Karatasi ikichomwa kwa mafuta ya taa hutoa harufu mbili. Kwanza mafuta yenyewe, ambayo hunukia jikoni tu, kama mama anawasha taa. Halafu karatasi, na hiyo huingia hadi kooni. Ile ninayoikumbuka mimi ilikuwa na ya tatu, harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, kwa sababu kitabu kilikuwa kimepita kwenye mapaja ya wanawake wengi wa samaki kabla hakijachomwa.

Hadi leo jirani yangu hapa Homa Bay akiwasha takataka zake, mimi hufunga dirisha. Nikiunusa tu ule moshi nimerudi mchangani Muhuru Bay, niko darasa la sita, sina viatu, na kitabu changu kinaungua mbele ya ufuo mzima. Zablon, mwenye mashua, ndiye aliyemwaga mafuta. Mwalimu Nashon, aliyenifundisha kushika kalamu, ndiye aliyewasha kiberiti. Mzee Ezra, mwenyekiti wa ufuo, alisimama kati yao amebana kofia kifuani kama mtu aliye kwenye maombi. Na baba yangu alikuwa bado ziwani, hajapatikana.

"Tazama," Zablon aliniambia. "Tazama kazi ya mkono wako."

Nilitazama. Kilichokawia kuungua ni uzi. Ulikuwa uzi wa nyavu, wa nailoni, na ni baba aliyekishonea kitabu kile. Ulijikunja, ukayeyuka, ukawa tone jeusi. Hapo ndipo nilipolia.

Nawataja majina kwa sababu wao walinitaja mimi. Walisema mbele ya watu kwamba Akinyi binti Opiyo amemuua baba yake kwa kalamu. Sasa acha nikueleze kitabu chenyewe kilikuwa cha nini, halafu upime mwenyewe.

Mambo yalianza na Chacha. Chacha alikuwa Mkuria mwenye tumbo na utani mwingi, aliyetoka Suna na televisheni moja, mashine ya kanda, na jenereta lililokohoa kuliko babu yangu. Alichukua ghala la samaki lililoachwa, akaziba madirisha kwa magunia, akapanga mbao za kukalia. Kiingilio kilikuwa sahani ya omena kavu. Jumamosi hakuwasha. Si kwamba alimcha Mungu sana. Aliwaogopa Wasabato, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Siku yake ilikuwa Jumapili mchana, na mimi nilikaa mbele kabisa, shingo imepinda.

Kanda alikuwa nazo chache, na tuliyoipenda ilikuwa moja. Mtu wa chuma, mrefu kupita nguzo ya simu, anatoka mlimani. Dude linatoka majini, lina magamba kama ya samaki mbuta na mdomo kama wa kiboko. Wanakutana mjini na nyumba zinavunjika kama maganda ya njugu. Siku hizi watoto wanasema roboti. Sisi tulimwita Chuma. Yule mwingine tulimwita Dude, basi.

Lugha ya sinema ile hakuna aliyeijua. Chacha alisimama kando na fimbo akitueleza, na kila Jumapili alieleza tofauti. Leo mwanamke anayelia ni mke wa aliyeketi ndani ya Chuma, wiki ijayo ni karani wa benki.

"Chacha, si ulisema huyo ni bibi yake?" mtu alipiga kelele.

"Waliachana," Chacha alijibu, hata hakugeuka.

Shida ilikuwa moja. Kanda ilikuwa imetafunwa na mashine. Kila ilipofika pale Chuma anapopiga magoti majini, mkono mmoja umekatika, na Dude linapanua mdomo juu ya kichwa chake, kioo kilijaa vidoti vyeupe na vyeusi kama omena imeanikwa, na sauti ikawa ya mvua juu ya mabati. Chacha alizima. "Mwisho uko Nairobi," alisema. Muhuru nzima haikujua nani alishinda. Wanaume wazima wenye watoto walikaribia kupigana hotelini, chai imemwagika, kwa sababu ya mwisho ambao hakuna aliyeuona.

Mimi nikasema moyoni, kama mwisho uko Nairobi, wacha ukae huko. Wetu nitautengeneza.

Nilikusanya kurasa zilizobaki nyuma ya madaftari ya zamani. Baba alizitoboa kwa sindano ya kushonea nyavu, akazifunga kwa mafundo yale yale anayofungia wavu, mafundo yasiyofunguka hata mbuta akivuta. Kusoma hakujua. Lakini alikigeuzageuza kitabu mkononi kama fundi anayekagua jembe, akasema, "Hiki hakitaachana."

Kugeuza sinema kuwa kitabu si mchezo, nakwambia. Kwenye sinema nyumba inaanguka na hujui ni ya nani. Kwenye kitabu ilinibidi niseme ni ya nani, na alikuwa anapika nini, la sivyo haiangukii mtu yeyote. Sasa mji ule wa magorofa mimi ningeujulia wapi? Kwa hiyo nilileta vita kwetu. Chuma alishuka kutoka milima ya nyuma yetu, Dude likatoka Lolwe, ziwa letu wenyewe, na shule yetu ikawa ya kwanza kukanyagwa. Darasa la hesabu lilikanyagwa mara mbili.

Baada ya masomo niliwasomea wanawake wakigeuza omena kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani. Mkubwa wao alikuwa Min Atieno, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mashua kutoka mbali.

"Ngoja kwanza," alinikatiza siku ya kwanza. "Ndani ya hicho chuma kuna nani?"

"Kuna mtu anakiendesha, Mama. Chacha amesema ni mzungu."

"Yawa! Mzungu anajua nini na ziwa hili? Atazama kabla ya chai. Toa huyo. Weka nyar Kadem."

Nikamtoa mzungu, nikaweka binti wa Kadem, wa kwetu.

"Sasa mpe jina langu."

"Na mimi je?" mwenzake aliuliza. "Mimi niko wapi?"

"Wewe uko mkiani kwa Dude," Min Atieno alisema, na walicheka mpaka kunguru wakaruka na omena za watu.

Baba naye alikuwa na shauri lake. "Weka mashua zetu, kwa majina. Mtu akisikia jina la mashua yake hawezi kuondoka." Yeye alikuwa akivua kwenye Raha Tele, mashua ya Zablon. Kila asubuhi alirudi vidole vimekunjamana na kuwa vyeupe, si kwa kuvua, bali kwa kuchota maji usiku kucha na mkebe. Kulikuwa na ubao wa nyuma uliooza. Zablon aliuziba kwa kipande cha gunia na lami, akapaka rangi juu, na rangi ilikuwa nzuri kweli, samawati.

"Umemwambia?" mama aliuliza.

"Nimemwambia. Anasema kama naogopa maji nikalime mihogo."

Basi nilipofika pale Dude linapotokea, niliandika maneno ambayo mpaka leo nayajua kama sala: Mashua zote zilikimbia. Raha Tele haikuweza kukimbia kwa sababu maji yaliingia kwa ule ubao wa nyuma ambao mwenyewe ameziba na gunia. Dude halikuigusa. Ilizama yenyewe.

Wanawake walicheka wakashika mbavu. Nilipoinua macho, Zablon alikuwa amesimama nyuma yao. Hakucheka.

"Hebu soma tena, nyathina."

Alivyoniita mwanangu hivyo, nikadhani amekipenda. Nikasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Mwisho wangu nao ulikuwa hivi. Chuma amepiga magoti, mkono umekatika. Wanawake wa omena wanaingia kwenye mashua, kila mmoja na karabai yake, kwa sababu wao wanajua kitu ambacho Dude halijui: kila kinachoishi ndani ya ziwa hili hufuata taa. Wanawasha karabai zote, wanarudi polepole kuelekea nchi kavu, na Dude linafuata mwanga kama omena mdogo tu, mpaka tumbo linakwama mchangani. Hapo nyar Kadem anainuka ndani ya Chuma. Niliposoma hayo Min Atieno aliacha kugeuza omena. Alivua kitambaa cha kichwa, akajifuta uso.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja mashua zilirudi, na Raha Tele haikurudi. Upepo haukuwa mkubwa. Wawili waliogelea wakaokolewa na mashua nyingine. Baba yangu hakuwa mmoja wao.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kwenye ufuo wetu, ziwa likichukua mtu, hakuna mashua inayoingia majini kuvua mpaka mwenye mashua iliyozama asimame mbele ya watu wote, waliofiwa wakiwa mbele, aeleze kwa mdomo wake mashua yake ilikuwaje. Mbao zilikuwaje. Nani aliionya. Akishasema, wazee wanaosha ufuo na kazi inaendelea. Hiyo ndiyo sheria iliyokuwepo kabla ya serikali yoyote.

Mwalimu Nashon alikuja kwetu siku hiyo hiyo. Alimwambia mama, "Nipe kile kitabu cha Akinyi, nakihitaji kidogo." Mama alikuwa hata hajui amekaa au amesimama. Akampa.

Jioni tuliitwa mchangani. Mzee Ezra alisema, "Zablon, simama. Watu wanangoja."

Zablon alisimama. "Mnaniuliza mashua yangu ilikuwaje? Mashua yangu ilikuwa nzima mpaka mtoto huyu alipoizamisha kwa kalamu. Ameita jachien, pepo mbaya wa ziwa, kwa jina. Mwalimu, wasomee."

Mwalimu Nashon akafungua. Alisoma: "Raha Tele haikuweza kukimbia. Ilizama." Akafunga.

Min Atieno alipaza sauti kutoka nyuma, "Soma yote! Soma na ya katikati!"

"Mama, nyamaza," Mzee Ezra alisema. "Hii ni matanga."

Nilisikia yale maneno yaliyorukwa. Nilikuwa nayajua kwa moyo, ningekosaje kusikia? Lakini nilikuwa mtoto, na unajua nilidhani nini? Nilidhani mwalimu amechoshwa na mwandiko wangu mbaya. Nikaona haya. Pale pale, baba yangu akiwa majini, mimi niliona haya kwa ajili ya mwandiko.

Watu wakasema jachien, jachien. Kitabu kikachomwa, ufuo ukaoshwa, na kesho yake mashua zikaingia majini kuvua. Baba alipatikana baadaye, upande wa Karungu. Zablon alileta mbao za jeneza, zote mpya, na watu wakamsifu kwa moyo wake.

Mama alinipeleka Suna kwa dada yake kabla watoto hawajaanza kunirushia mawe. Shule iliishia hapo. Niliosha sahani hotelini, nikauza ndizi, nikaolewa, nikafiwa, nikahamia Homa Bay kuuza omena. Na kwa miaka yote hiyo sikushika kalamu. Mahali pa kuweka sahihi niliweka kidole gumba. Makarani walidhani sikusoma. Wangejua! Nilikuwa naogopa nikiandika jina la mtu, atakufa. Watoto wangu walipozaliwa, nilimwomba nesi aandike.

Mwaka huu binti yangu Adongo, ambaye anasuka nywele sokoni, alinitafutia ile sinema kwenye simu yake kwa maelezo yangu tu. Chuma, Dude, mkono kukatika, magoti. Tukaitazama mpaka pale pa magoti. Kisha ikaendelea. Niliona kile ambacho Muhuru haikukiona. Zilikuja ndege, zikarusha kombora, Dude likalipuka. Ni hivyo tu.

"Mum, mbona unacheka?" Adongo aliuliza.

"Wangu ulikuwa mzuri kuliko huu," nilimwambia. Na nilipoyasema hayo, ule woga wa kalamu niliokuwa nao tangu darasa la sita uliniachia. Ni kitabu. Kilikuwa kitabu tu, na kilikuwa kizuri, na hakikuzamisha hata jani.

Nikapanda gari mpaka Kendu Bay, anakoishi Mwalimu Nashon sasa, mzee wa fimbo. Alinitambua.

"Akinyi, mambo hayo yalikwisha."

"Mwalimu, kwa nini uliruka ya katikati?"

Aligeukia kuku wake. "Watoto wangu walikuwa wanakula samaki wa Zablon," alisema. "Ningefanya nini?"

Ungesoma, Mwalimu. Ndiyo kazi uliyoajiriwa kufanya.

Hapo ndipo nilipoelewa mpaka chini kabisa. Hawakuogopa Dude. Watu wazima wale hawakuwa wajinga, walijua karatasi haina nguvu juu ya upepo. Waliogopa ubao, gunia na rangi ya samawati, vitu vitatu ambavyo mtoto alikuwa amevisema kwa kicheko na wanawake wote wakavisikia. Kama ningeandika kwamba Dude liliimeza Raha Tele, kitabu changu kingekuwepo hadi leo.

Sasa nimekiandika upya. Mwandiko ni mbaya zaidi kuliko zamani, vidole vina baridi yabisi, na Adongo amenishonea kwa uzi wa kusukia. Nyar Kadem yumo. Karabai zimo. Raha Tele imo, kwa jina lake, na ya katikati yote.

Mzee Ezra amekwenda, hajibu tena. Lakini wewe Zablon uko hai. Nasikia unakaa kiti cha mbele kanisani, na vijana wanakubebea mkoba. Kwa hiyo nakuambia kama ulivyoambiwa siku ile, maana siku ile hukujibu. Waliofiwa tuko hapa mbele. Mimi niko, Min Atieno yuko, amezeeka lakini masikio yake ni mazima. Ufuo ule haujaoshwa bado, ulimwagiwa mafuta ya taa tu.

Simama, Zablon. Mashua yako ilikuwaje?