Kompyuta Yangu, Pasiwedi ya Shemeji

Shemeji yangu alinigeuza mgeni kwenye kompyuta yangu mwenyewe, sebuleni kwangu Kamunyonge, huku anakunywa chai yangu na kuyasifia maandazi yangu. Nikiikumbuka ile chai, mpaka leo natamani ningeitia chumvi.

Ni mdogo wake mume wangu. Ana kibanda Bunda, pale Kabasa, anawekea watu filamu kwenye flashi na kutengeneza kompyuta. Siku hiyo alikuja kunitolea virusi. Akabofyabofya, akajifuta mdomo, akaondoka. Kumbe amejiweka yeye kuwa admini, mimi amenishusha niwe mtumiaji wa kawaida, eti nisije nikaharibu. Na mafaili yangu yote ya sauti kayahamishia upande wake. Nilipogusa folda, mashine ikanijibu kwamba sina ruhusa. Mimi! Niliyeinunua!

Yale mafaili yalikuwa sauti ya mama yangu. Mama yuko Butiama. Kiangazi kimoja nilimrekodi kwa simu, Kizanaki chake kitupu: alivyoolewa, nyimbo walizokuwaga wanaimba wakisaga ulezi, hata anavyowagombeza kuku. Simu ikajaa, nikahamishia kwenye kompyuta, kwenye simu nikafuta. Halafu mama akapata kiharusi. Anakuona, anakujua, anakushika mkono, ila maneno hayatoki tena. Sauti ya mama yangu ikawa imebaki mle ndani tu, na pasiwedi anayo mtu wa Kabasa.

Nikampigia simu.

"Shemeji, naomba pasiwedi."

"Ya nini tena, shemeji? Wanawake na mashine wapi na wapi! Tulia, Jumamosi nakuja kuifomati. Nafuta kila kitu, inakuwa mpya kabisa."

"Na sauti za mama?"

"Zile kelele za kizee? Si yupo hai? Kamrekodi tena." Akacheka, akakata simu.

Alijua mama haongei. Alikuja mwenyewe hospitali kumwona. Nilikaa pale na simu mkononi, nikasema, haki ya Mungu, huyu atanitambua. Nikamweleza mume wangu. Akasema, "Ndiyo zake huyo, mzoee." Mzoee! Usiku huo mume wangu alikula ugali wa jana mpaka akamaliza sahani, maana aliiona sura yangu.

Kabla ya Jumamosi hiyo tulikuwa na shughuli Bugwema, kwa baba yao mdogo. Ng'ombe wa mahari ya binti yake walikuwa wamefika. Kwenye ukoo huo wa mume wangu, mwanaume akishapata kinywaji anasimama na fimbo, anajisifu kwa jina la ng'ombe wake. Ni dume aliyepewa na baba yake tangu utotoni. Hata dume mwenyewe akifa, jina halibadiliki mpaka mtu anaingia kaburini. Na linaitwa mara mbili, kwa nguvu, ndipo watu wanaitikia.

Nilikuwa nimeshika sufuria la mchuzi. Shemeji akasimama, shati limemtoka suruali, akapaza jina la dume lake. Watu wakaitikia. Hapo nikakumbuka kwamba jina hilohilo kaliandika kwenye pikipiki, kalipaka ukutani pale kibandani, na mbwa wake naye anaitwa hivyo. Nikasema moyoni, mwanaume huyu kichwani hana neno lingine. Nusura mchuzi unimwagikie.

Tulirudi nyumbani usiku, na kulipokucha nilikuwa mbele ya kompyuta hata uso sijanawa. Nikaandika lile jina. Ikakataa. Nikaandika kwa herufi ndogo tupu. Ikakataa. Nikamwona tena vile alivyosimama na fimbo yake, halafu nikaandika jina mara mbili, bila nafasi katikati.

Ikafunguka. Nilipiga kigelegele peke yangu mpaka jirani akauliza kupitia ukutani kuna nini.

Sikuwa na haraka tena. Sauti za mama nilizinakili kwenye flashi, nakala nyingine nikampelekea dada yangu. Nikajirudisha kuwa admini. Halafu yeye nikamshusha, nikambadilishia pasiwedi, na nilipobofya kitufe cha mwisho nilisema kwa sauti, "Kaa hapo."

Jumamosi akaja na flashi yake ya kufomati. Kwanza alitaka atoe video ya harusi ya mteja aliyoificha kwenye kompyuta yangu, kwa sababu ya kwake imejaa. Akaandika pasiwedi. Ikakataa. Akaandika tena, akiangalia vidole. Mteja akampigia simu, shemeji akamwambia, "Nipo njiani nakuja, kaka," naye kakaa kwenye kochi langu.

"Shemeji, umegusa nini hapa?"

"Mimi? Wanawake na mashine wapi na wapi!"

Mume wangu akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Nikamwambia shemeji kwamba video yake ataipata, ila kwanza akae amsikilize mama yangu. Kizanaki anakisikia vizuri, alijifunza utotoni. Nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Sikumchagulia nyimbo. Nilimchagulia ile rekodi ya siku aliyonipeleka yeye mwenyewe Butiama kwa pikipiki, akabaki nje anaongea na simu. Mama anasimulia juu ya harusi yake, mara anakatiza. Anasema: "Huyo mtoto aliyekuleta mbona mmemwacha juani? Mpelekee maziwa, yale mazito. Shemeji yako huyo ana adabu, ananiitaga mama."

Shemeji aliinamisha kichwa. Akavua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kutikisika. Mume wangu akaninong'oneza, "Inatosha, mke wangu. Mwache."

"Shemeji," akasema mdogo wake, "nisamehe. Zima. Nakuomba zima."

Nilimwangalia machozi yakimdondoka kwenye kapeti langu. Nikarudisha nyuma pale kwenye maziwa, nikamwekea tena.