Jina Langu Golini

Juzi nilikuwa katikati ya mji, napita penye muuza magazeti mkabala na benki, mtu akaita nyuma yangu, "Njeri!" Nairobi ina Njeri wengi kuliko taa za barabarani zinazowaka, kwa hiyo wanawake kadhaa tuligeuka. Lakini mimi sikugeuka tu. Nilikimbia. Nilikimbia na mfuko wangu wa sukuma wiki kabla akili haijanifikia, nikajikuta mbele ya kijana aliyekuwa anamwita mpenzi wake. Akanitazama juu mpaka chini. "Si wewe, mathe."

Nikacheka peke yangu njia nzima. Watu waliniona, najua. Lakini pua yangu ilikuwa imeshajaa harufu ya dawa ya kuchua misuli na ya tope jekundu la mtaa wetu wa zamani, Woodley, na masikioni bado kulikuwa na sauti ile nyingine, siyo ya kijana yule.

Nitajaribu kueleza. Mimi si mwandishi. Shule niliiachia kidato cha pili, na haya ninayoandika jioni jikoni, nikiyasoma asubuhi, mara nyingi nayaona kama yameandikwa na mtu asiyenijua. Pahali nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Nilikuwa darasa la nne, mwaka wa pili tangu shule za msingi ziwe za bure. Tulikaa kwenye nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, pale Woodley, na nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja usio na nyasi ambapo timu ya mtaa ilichezea. Timu iliitwa Korongo, kwa ajili ya ndege aliyechorwa kwenye jezi, na mwaka huo watu walisema jina limewafaa kwa sababu timu yenyewe ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja. Ilikuwa chini kabisa kwenye ligi. Wazee wa kamati walikuwa wameshatangaza: tukishuka daraja, timu inavunjwa, jezi zinapelekwa kwa shule.

Kipa wa Korongo alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa na kigugumizi. Siyo kile kidogo cha mtu akikasirika. Neno lilikuwa linafika mlangoni pa mdomo na kugoma kutoka, shingo inakaza, macho yanafumba, nasi tunangoja. Alifanya kazi ya tarishi katika ofisi moja ya bima mjini, kazi ya kubeba bahasha, na bahasha zilijisemea zenyewe. Nyumbani alizungumza kidogo. Kanisani hakuomba kwa sauti. Golini tu ndipo alipokuwa mtu mwingine, mrefu, mwepesi, mikono kama matawi, na timu ikivunjwa sikujua angekuwa hivyo wapi tena. Nadhani hata yeye hakujua.

Ila kipa lazima aongee. Mpira wa juu ukija, kipa akitaka kuutokea, hupaza sauti, "Yangu!", mabeki wampishe. Baba alikuwa anatoka mapema, anaruka vizuri, anafungua mdomo: "Ya-ya-ya…" Na Oti ameshaupiga kichwa. Oti alikuwa beki wetu wa kati, fundi wa viatu, mtu mkubwa mwenye moyo wa kusaidia. Akisaidia hivyo, mara mpira umegonga bega la Baba, mara umeingia golini kwetu wenyewe, nao wawili wamelala chini wakitazamana kama watu waliogongana mlangoni.

"Kipa bubu!" watu walipiga kelele. "Oti, mnunulie kengele!"

Si haki kusema tulifungwa kwa sababu ya Baba peke yake. Washambuliaji wetu walikuwa wanakosa goli lililo wazi kama mlango wa kanisa. Lakini hao hawakutaniwa sana, kwa sababu walijua kujibu.

Kocha wa zamani aliacha kushika simu, hivyo ndivyo alivyojiuzulu. Wa kuchukua nafasi yake alipatikana kwa ugomvi. Kulikuwa na mzee mmoja Kalasinga, Bwana Harjit, mwenye duka la rangi kule Hurlingham, ambaye jioni alipenda kutembea kando ya uwanja wetu, mikono nyuma, kilemba cha bluu, akiwakosoa wachezaji kwa sauti. "Wewe nalala! Wewe, namba sita, naamka saa ngapi?" Siku moja Oti akachoka.

"Singh, si basi ukuje ufundishe wewe?"

"Nakuja," akasema mzee, na akaruka mtaro.

Mtaa mzima ulicheka. Ilijulikana kwamba ujanani alidaka kwenye hoki. "Hoki na mpira wa miguu wapi na wapi?" Mama aliuliza akikata vitunguu. "Atawapa fimbo?" Hakuwapa fimbo. Nilikuwepo jioni ile ya kwanza, nimekaa kwenye tairi kuukuu nyuma ya goli, pahali pangu pa siku zote, na nilimwona akipita akimuuliza kila mchezaji jina lake na kumshika mkono. Akafika kwa Baba.

"Jina nani?"

Jina la Baba ni Kariuki. Hakuna neno lililomtesa kama hilo. "Ka-ka-ka…" Mabeki wakaangalia viatu vyao. Mimi nikaangalia tairi. Bwana Harjit hakuangalia pembeni wala hakumsaidia kumaliza, alibaki amemshika mkono tu, kana kwamba duka lake halina saa ya kufungwa. Mwishowe Baba akaiacha ile njia, akachukua ile nyingine, lile jina ambalo mtaa wote ulimwita.

"Ba-ba-baba Njeri."

Mzee akainamisha kichwa. "Rudia."

"Ba-baba Njeri."

"Njeri hiyo nani?"

Baba akanielekeza kwa kidole. Bwana Harjit akanitazama muda mrefu, nikadhani nimefanya kosa. Akaguna, akaenda kwa mchezaji anayefuata.

Wiki hiyo sikwenda uwanjani tena, nilikuwa na mitihani. Kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa, nilipokalia tairi langu na karanga zangu mkononi, hakuna aliyekuwa ameniambia lolote. Mechi ikaanza. Winga wao akapiga krosi ndefu, mpira ukapanda mpaka ukawa mdogo kama chungwa. Na nikasikia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nje ya nyumba yetu, sauti nzima, isiyo na mkwamo hata mmoja:

"Njeri!"

Sasa, mtoto wa kwetu akiitwa na baba yake mara moja, hangoji ya pili. Nilitupa karanga. "Nakuja, Baba!" Nikazunguka mlingoti, nikaingia uwanjani na rinda langu la Jumapili, na nilikuwa nimeshafika kwenye eneo la penalti nilipoona Oti ameinama kama mtu anayepita mlango mfupi, na Baba juu yake, angani, mpira umetulia kwenye glavu zake.

Refa akapuliza. "Kocha, huyu ni wa akiba ama?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba alitua, akaukumbatia mpira, akaniona. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa na kitu sikuwahi kukiona, kama mtu aliyejaribu ufunguo usio wake na mlango ukafunguka. "Ru-ru-rudi ukae," akasema. Bwana Harjit akanishika bega, akanirudisha kwenye tairi. "Wewe kaa. Hiyo Njeri ingine. Hiyo ya mpira."

Basi jina langu likawa neno la timu, badala ya "Yangu!" iliyomkwama Baba. Kila mpira wa juu, "Njeri!", na wanaume wazima, mafundi na makondakta na askari wa usiku, walipisha. Sijui nieleze vipi jinsi ilivyokuwa kwa mtoto. Nilikuwa mdogo hata kwa darasa langu, mwalimu alinisahau mara kwa mara akiita majina. Na hapa jina langu lilikuwa linaruka juu ya uwanja mzima na mabeki wanainama. Shuleni wavulana wakanitania, "Njeri, mpira unakuja!" na kuinama wote pamoja. Nilijifanya kuchukia.

Tukaanza kutoka sare. Tukashinda, tena tukashinda. Siyo kila mechi, na nyingine tulisaidiwa na bahati. Ilipofika mechi ya mwisho ya msimu tulihitaji sare tu ili tubaki, dhidi ya timu kutoka ng'ambo ya Ngong Road.

Tulitangulia kufunga, kwa mpira uliogonga paja la beki wao, siwezi kusema lilikuwa goli la ufundi. Halafu, kabla ya mapumziko, mpira mrefu ukaja kwetu, na sauti ikapaa, "Njeri!" Oti akainama vizuri kama alivyofundishwa. Lakini Baba alikuwa bado kwenye mstari wake, mdomo umefungwa. Aliyeita alikuwa nahodha wao, mrefu, kichwa kimenyolewa. Alipita nyuma ya mgongo wa Oti akaugusa mpira ndani.

Wetu wakamzonga refa. Wengine walisema goli lile lilipaswa kukataliwa, mimi sheria sizijui. Ila jina tulikuwa tumelitangaza wenyewe kila Jumapili, mtu akilitumia tumlaumu kiasi gani?

Mapumziko mvua ilianza. Nilijisogeza karibu na wachezaji, chini ya mabati. Bwana Harjit alikuwa anazunguka.

"Badilisha. Sema kitu ingine. Sema 'juu'. Sema 'simba', sema 'chai', yote sawa."

Baba akatikisa kichwa. Akafungua mdomo, na ikachukua muda, muda mrefu kuliko siku zote, maji yanatiririka kutoka kwenye mabati, na hakuna mtu aliyemmalizia.

"Ha-ha-hapana. Nje… Njeri ni wa-wa-wangu."

Nilisikia jina lilipotetereka. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu. Nikaogopa.

Kocha akakamua ndevu zake. "Basi. Oti, sikiliza mimi. Wewe hapana sikia jina. Sikia mwenye jina."

"Nitamjua aje kwa hiyo kelele, mzee?"

"Utajua."

Kipindi cha pili sikumbuki chote. Nakumbuka tope na jezi zote zikiwa rangi moja. Nakumbuka kona ya mwisho, kwa sababu refa alikuwa ameshaitazama saa yake, na timu yote ya ng'ambo ilikuwa imesogea golini kwetu. Na walijua. Mpira ulipopigwa, nahodha wao akaita "Njeri!", wenzake wakaita "Njeri!", mashabiki wao kwenye mstari wakadakia, "Njeri! Njeri! Njeri!", jina langu likipigwa kutoka kila upande kama mabati kwenye mvua ya mawe. Nilikuwa nimekalia mikono yangu nisije nikakimbia. Nikafikiri, limekwisha, sasa ni la kila mtu.

Halafu likaja lile lenyewe. Halikuwa kubwa kuliko mengine. Lilikuwa refu mwanzoni na likashuka mwishoni taratibu, vile alivyoniita jioni kutoka dirishani, giza likiingia, chakula kikiwa mezani. Njeeeri. Kati ya yote yale, moja tu ndilo lililokuwa linamwita mtu.

Nilisimama juu ya tairi. Na Oti, ambaye alikuwa amekaza shingo kwa majina yote mengine, akainama.

Baba alitoka kwenye lile tope kana kwamba kuna mtu amemwinua kwa kola. Alikwenda juu ya Oti, juu ya kichwa kilichonyolewa, na nilisikia glavu zikiushika mpira, sauti ya kofi moja lenye maji. Akaanguka nao, akaufunika kwa mwili wote. Refa akapuliza ya mwisho. Hata nahodha wao alikuja kumwinua, hilo nitalisema kwa sababu ni kweli. "Buda, umeniweza," akamwambia. Baba alijaribu kujibu, ikakwama, wakacheka wote wawili.

Timu ilibaki. Haikuwa timu kubwa kamwe, na baadaye watu walipohama ilikufa polepole bila tangazo. Duka la Bwana Harjit siku hizi linauza simu.

Miaka mingi niliamini kwamba jina langu lilikuwa jepesi kwa Baba. Kwamba kati ya maneno yote lilizaliwa bila mfupa, na kocha aliliokota tu. Mama ndiye aliyeniambia vingine, mwaka jana, akimwogesha mtoto wangu wa kwanza.

"Jepesi? Nani alikudanganya?" Alisema kwamba alipokuwa na mimba yangu, Baba alijua mtoto akiwa msichana ataitwa kwa jina la nyanya yangu, mama mzazi wa Baba, Njeri, na kwamba yeye ndiye atakayelitaja mbele ya watu. Na hakuweza. Lilikuwa linakwama pale pale mwanzoni. Basi kila asubuhi alitembea kwa miguu kutoka Woodley mpaka mjini, akilitamka mbele ya ua, mbele ya ukuta, mbele ya magari, na jioni Mama alimsikia bafuni akilirudia chini ya maji. Siku niliyozaliwa watu wakamuuliza jina, akalitamka. Likatoka zima.

Nilimpigia simu Baba kumuuliza. Anasema Mama a-a-anaongeza chumvi. Huenda. Naandika maneno ya wote wawili.

Lakini sasa akinipigia, nasikiliza kwa namna nyingine. Jina linatoka kwanza, safi, refu mwanzoni na kushuka mwishoni. Halafu neno linalofuata linakwama, na simu inakuwa kimya, na mtu mwingine angedhani imekatika. Mimi huacha ninachofanya, nakaa chini, nangoja.