Friji ya Soda na Dawa ya Kogo

Friji haikuwa yangu. Ilikuwa ya kampuni ya soda, na masharti yao yalikuwa mawili: niuze kreti za kutosha, na ndani nisiweke kitu kingine. Hilo la pili nililivunja mapema na sijutii hata kidogo. Nyuma ya soda za machungwa nilikuwa nimeficha insulini ya jirani yangu, mama mzee ambaye Sosiot nzima tunamwita kogo, yaani nyanya. Dawa hiyo inataka baridi, na kwake hakuna stima.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma chai yake, alipitia dukani kwangu. "Mama, hebu nifungulie hospitali yangu," alikuwa akinitania.

Ushuru wa soda ulipopanda na bei ikapanda nao, nilinung'unika kwa kila mteja. Kogo ndiye alinikemea. "Wacha ipande! Sukari ilinimalizia mzee wangu. Kama ni mimi niko Bunge, ningeongeza ingine." Alisema hivyo akiwa ameegemea friji.

"Kogo, kwani unataka nifunge duka?" nikamwuliza, tukacheka wote wawili. Hakuna kati yetu aliyefikiria dawa yake.

Kwetu soda ina siku zake. Kuna wakati wa bonasi ya chai, wakulima wanapolipwa, halafu kuna koito, watu wa kijana wanapokuja kuposa. Sisi watu wa kanisa hatugusi pombe, kwa hivyo kreti za soda ndizo zilikuwa heshima ya wageni, na zilitoka kwangu. Koito ya kwanza baada ya bei mpya nilialikwa. Soda hakuna! Kulikuwa na mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa kibuyu na chai kwa birika kubwa, na hakuna aliyelalamika. Lakini niliangalia vijiko. Wueh! Vinne, vitano, kwa kikombe kimoja. Sukari ilikuwa imetoka kwa chupa ikaingia kwa birika. Hata hiyo walinunua kwangu, lakini sukari ya kilo kampuni ya soda haikunihesabia.

Basi gari la kampuni likaja. "Pole mama, kreti zimepungua sana," mtu wao akasema. "Hii friji inaenda Kedowa, kwa duka ya barabarani." Nilimsihi mpaka nikaona aibu. Alipokuwa akitoa chupa zilizobaki, mkono wake uligusa pakiti ya kogo. Akaisoma.

"Hata mama yangu anadungwa hii," akasema, akanipatia polepole kwa mikono miwili. Kisha akachomoa waya.

Nilikasirika, lakini sikujua nimkasirikie nani. Ushuru ulikuwa na maana, hilo siwezi kukataa. Nilitafuta chungu, nikakizungushia mchanga wenye maji ili kishike baridi, nikaiweka dawa ndani, kwenye kona ile ile ya friji.

Asubuhi kogo aliingia, akasimama akiangalia sakafu mahali friji ilikuwa imekaa.

"Wameichukua?"

"Wameichukua, kogo. Watu hawanunui soda tena."

Alikaa kwa kiti bila kukaribishwa, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Kwa hivyo nilishinda," akasema, na hakucheka. Kisha akainama, akaingiza mkono ndani ya chungu kupima kama kuna baridi.