Mwenye Moto Haambiwi Habari

Eduviges Nucamendi hakuumbwa kwa ajili ya mbio, na pale kijijini Las Jícaras hakuna aliyeona haya kumwambia hivyo usoni. Alikuwa mfupi na mpana, na miguu yake ilizoea kusimama nyuma ya ndoo ya pozoli sokoni, akikoroga mahindi na kakao kwa mkono na kuwamiminia watu kwenye vibuyu. Kilichokuwa na mbio kwake ni ulimi. Mteja akilalamika kwamba pozoli ya leo nyepesi, aliambiwa akajitafunie mahindi makavu. Mume alimfia mapema, akamwachia mtoto mmoja tu, Nereida, na kwa Nereida huyo Eduviges alikuwa hasikii wala haoni.

Nereida aliolewa na Ausencio, kijana mpole mwenye kuzimia akiona damu ya kuku. Mimba ya kwanza iliharibika, na ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilipofika mwezi wa tano ingali salama, Eduviges alikwenda kanisani, akapiga magoti mbele ya Mama Bikira wa Guadalupe, akaongea naye kama alivyoongea na watu wa sokoni.

"Mama, mimi na wewe tunajuana. Mtoto huyu azaliwe, alie, anyonye. Nami nitakuja mwenyewe mpaka nyumbani kwako Jiji la Mexico, nichukue moto wako, niulete hapa kwa miguu yangu. Sitamtuma mtu."

Watu wa Las Jícaras huukimbiza moto huo kila Desemba, kutoka basilika ya mji mkuu hadi altare ya kijijini, milima na mabonde, wakipokezana mwenge njia nzima. Lori huwafuata nyuma, limebeba sanamu ya Bikira iliyozungushiwa maua, na spika zikiimba. Kila mtu hukimbia kipande chake, humkabidhi mwenzake, kisha hupanda lori kupumzika. Kazi hiyo ni ya vijana. Lakini nadhiri haichagui umri, na mwaka ule lori lilipoondoka Eduviges alikuwa ndani yake, amevaa fulana nyeupe iliyombana tumbo na viatu vya mkwewe.

Wana sheria zao, na kubwa kuliko zote ni hii: aliyeshika moto haambiwi habari za nyumbani, wala yeye hafungui kinywa. Anakimbia na kusali, basi. Wanasema zamani mtu mmoja alipashwa habari akiwa na mwenge mkononi kwamba nyumba yake imeungua. Akauangusha, ukazimika, na kundi zima likarudi basilika kuanza upya. Tangu hapo, uwe na msiba, uwe na harusi, utasikia ukishamkabidhi mwenzako.

Mkuu wa msafara alikuwa Crisóforo, mzee mwenye goti bovu, ambaye ndiye baba wa ubatizo wa Nereida. Mchokozi wa msafara alikuwa Wilber, kinyozi.

"Mama Eduviges, kaza mwendo!" Wilber alipiga kelele siku ya kwanza. "Kobe wanatupigia honi huku nyuma!"

Eduviges hakujibu, maana alikuwa na moto. Alipoukabidhi tu na kupanda lori, akamgeukia. "Wewe kanyoe watu. Unakata nywele kama mbuzi anavyokula shamba."

Lori zima likaangua kicheko, na kuanzia hapo wakampenda. Kila kipande chake kilichukua muda kuliko vya wote kwa sababu ya kutambaa kwake, lakini hakuna aliyemwomba akipunguze.

Walikuwa wameshateremka nyanda za joto, wamepita Acayucan, wamesimama kunywa kahawa kwenye kituo cha mafuta, simu ya Eduviges ilipolia. Ausencio alikuwa analia. Nereida ameamka amevimba uso, kichwa kinampasuka, macho hayaoni vizuri. Jirani amewakimbiza kwa gari lake hospitalini Tuxtla. Na hata mwezi wa nane haujatimia.

"Na wewe uko wapi sasa hivi?" Eduviges aliuliza.

"Niko hapa nje, mama. Wamenitoa. Nilianguka."

Eduviges aliishusha simu, akawasimulia wenzake. Kila mtu akasema lake.

"Mzazi mwenzangu," Crisóforo alisema, "basi la Tuxtla linapita hapa hapa. Panda. Sisi tutamalizia."

"Panda, mama," Wilber akaunga mkono. "Bikira si polisi."

"Nilimwambia sitamtuma mtu."

"Atakuelewa."

"Na asiponielewa?" Eduviges alimkazia macho. "Utakuja wewe kumweleza Nereida? Nikifika huko nitafanya nini mimi? Nitakaa kwenye benchi nje ya mlango na yule mwenye kuzimia. Hapa angalau nina cha kushika."

Basi likaja, likasimama, konda akaita abiria wake, likaondoka. Eduviges alilisindikiza kwa macho. Kabla halijaishia kwenye kona alikuwa ameshajuta. Lakini basi lilikuwa limekwenda, na zamu yake ilikuwa imefika. Akampa Crisóforo simu, akapokea mwenge.

Alikimbia. Jua lilikuwa kali, na malori ya miwa yalimpita yakimpiga upepo. Sala zote alizozijua zilimtoka kichwani, likabaki jina la binti yake, akalitaja moyoni kila aliposhusha mguu. Nyuma yake spika zilikuwa zikimwimbia Bikira kwa sauti ya kuchosha masikio.

Ghafla nyimbo zikakatika.

Aligeuza shingo. Crisóforo alikuwa amekaa mbele, karibu na dereva, simu sikioni. Midomo yake haikusogea. Alisikiliza kwa muda mrefu, akaiweka simu mapajani, akavua kofia. Hakumwambia dereva neno, wala waliokuwa nyuma.

Habari njema haimvui mtu kofia. Eduviges alilijua hilo kama alivyoijua ndoo yake. Akaangalia mbele. Kule mbele Wilber, aliyetangulia kungoja zamu yake, alikuwa amesimama kando ya barabara, mkono ameunyosha tayari kupokea, na Eduviges akaelewa jambo moja tu: akimpa, ataambiwa.

Akampita.

"Mama! Leta!" Wilber akamkimbilia ubavuni. "Umemaliza chako, mama, nipe."

Eduviges alitikisa kichwa, akaukumbatia mpini wa mwenge kwa mikono yote miwili. Aliendelea. Vijana wakaruka kutoka kwenye lori mmoja mmoja, wakakimbia kando yake kwa mwendo wake ule ule wa kutambaa, na safari hii hakuna aliyefanya mzaha. Hawakujua kilichotokea, ila walikwisha kumwona mzee akivua kofia. Wangemnyang'anya? Mtu hanyang'anywi moto wa Bikira. Wangemwambia nini, na hawakujua, na hata wangejua isingeruhusiwa? Walikimbia tu.

Hatimaye pumzi zilimwishia, miguu ikaanza kugongana. Crisóforo akateremka, akaja akichechemea, mkono mbele kumtuliza. Eduviges aliutazama ule mkono. Akauweka mwenge ndani yake, akavifunga vidole vya mzee kimoja kimoja.

"Shika, mzazi mwenzangu," alisema. "Sasa kimbia."

Mzee ndiye pekee aliyeijua habari, na sasa alikuwa na moto. Crisóforo alifumbua mdomo, akaufumba. Alisimama kama aliyekabidhiwa mtoto wa watu, halafu akaanza kukimbia kwa goti lake bovu, na Eduviges akamfuata kwa kutembea, maana mwendo wa mzee haukudai zaidi.

"Usiniangalie," alimwambia. "Nitakusimulia mimi. Amejifungua salama. Ni mvulana, mweusi kama babu yake, ana sauti mbaya. Nereida ameshaomba supu ya kuku. Sivyo? Kimbia, nimekwambia usiniangalie."

Mzee alikimbia huku machozi yakimdondoka ndevuni. Goti lilipokataa kabisa, aliunyosha mwenge pembeni bila kugeuka, Wilber akaupokea na kwenda nao haraka, kama mtu anayekimbia kitu.

Crisóforo alishikilia mlango wa lori akitafuta pumzi.

"Nereida?" Eduviges aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo sokoni hawakuwahi kuisikia.

"Yuko hai. Wamempasua. Amelala, bado hajazinduka, ila yuko hai."

"Na mtoto?"

"Msichana."

"Sikukuuliza ni wa kike au wa kiume."

Crisóforo aliinamisha kichwa. "Nesi aliwahi kumbatiza, mzazi mwenzangu, kwa maji ya kikombe. Baada ya hapo hakukaa duniani."

Eduviges alikaa chini palepale, vumbini. Akauliza, "Walimpa jina?"

"Nesi alimwuliza Ausencio. Unamjua, akili ilikuwa imemruka. Akataja la kwanza lililomjia."

"Lipi?"

"Lako."

Vijana walikuwa wamewazunguka, fulana zimelowa jasho, hakuna aliyejua aweke wapi mikono. Mmoja alimletea maji, akayashika asiyanywe.

"Nereida hajui," alisema. "Akizinduka, nani atamwambia? Yule?" Akawatazama usoni wote, kana kwamba mmoja wao angeweza kumpa jibu. "Nani yuko pale?"

Wote waligeuka wakaiangalia barabara, upande basi la Tuxtla linakotokea, na haikuwa na gari hata moja.