Mume Hajui

Neno "mradi" likitajwa mbele yangu mpaka leo, kichefuchefu hunipanda, na sisemi kwa mafumbo: mate hunijaa mdomoni nikatafuta pa kutema. Mimi ni muuguzi. Nimezaliwa Mwabungo, na kazi ikanipeleka kusini zaidi, kwenye zahanati ya vyumba vitatu kando ya njia iendayo Lunga Lunga. Wanawake hunijia kutoka mashambani na hata kutoka Jego, na wengi huja na mtoto mgongoni wakisema wamekuja kumpima uzito. Mtoto tunampima kweli. Kisha mlango unafungwa, mama anachomwa sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu, na kadi yake inabaki kwangu kabatini, kwa kuwa ikionekana nyumbani ni vita.

Tulifanya hivyo miaka mingi bila mtu kudhurika. Ndipo zikaja kompyuta.

Zililetwa kwa mradi wa mojawapo ya yale madola mawili makubwa yanayogombania dunia. Sitawataja; nitawaita wa kompyuta, na wenzao nitawaita wa barabara, maana hao walikuwa wametuahidi barabara. Serikali yetu iliwapokea wote wawili kwa tabasamu lile lile, kama mzazi anayekubali posa mbili kwa binti mmoja. Mimi nikaagizwa niingize kadi zote kwenye kompyuta, na nikafanya kosa ambalo halijaniacha nilale vizuri. Kulikuwa na nafasi ya maelezo. Nikahofu kwamba muuguzi mwingine, asiyewajua wanawake wangu, angeweza kupiga simu kukumbusha tarehe ya sindano na simu ikapokewa na mume. Basi kwenye majina ya wale wa siri nikaandika: "Mume hajui. Usipige simu nyumbani." Nilijiona mjanja.

Mmoja wao alikuwa muuza mahamri, mama wa watoto watatu, wote wametolewa kwa kupasuliwa. Daktari alimweleza waziwazi kwamba mimba ya nne huenda ikapasua kizazi, akafa yeye na mtoto. Mumewe, mpakuzi wa mizigo ya malori pale mpakani, aliambiwa hayo hayo, akajibu kwamba Mungu ndiye mpangaji. Si mtu mbaya. Hampigi, halewi, na akirudi kazini huwabeba wanawe begani mmoja mmoja. Lakini alitaka nyumba ijae. Kabla sijamwingiza kwenye kompyuta, yule mama aliniuliza ni nani atakayeyaona hayo.

"Wallahi, mimi na wewe tu," nikamwambia.

Mwaka haukuisha. Wadukuzi waliingia mahali ule mradi ulikoweka siri zake, huko mbali nisikokujua, wakachota kila kitu, wakakimwaga kwenye mtandao ili dunia ione kwamba wa kompyuta hawawezi kulinda hata siri ya mwanamke. Redio zikasema hao si wahuni wa mitaani, ni waajiriwa wa dola la wale wa barabara; wana ofisi, wana mishahara na likizo. Mimi nikawa namwona mmoja wao, mtu mzima na akili zake, kanywa chai, kawaaga watoto wake, kaenda kazini kuiba habari za kizazi cha muuza mahamri. Wala hakuwa na haja nazo. Alitaka kumwaibisha mwenzake tu. Afadhali mwizi wa kuku, maana yeye angalau ana njaa.

Kuna aliyezikata kurasa za kwetu akazitia kwenye simu, na siku ya pili zilikuwa zimefika Lunga Lunga. Wanaume wakazisoma kwa sauti kwenye kibanda cha chai, jina baada ya jina, na kila wakifika kwenye maneno yangu wakaangua kicheko. "Mume hajui!" Ikawa salamu ya mtaani, na vitoto vikaidaka. Waliocheka ni watu ambao wake zao nimewazalisha kwa mikono hii, na mpaka leo wananiamkia njiani nami naitikia, na kila nikiitikia nahisi nimelamba uchafu.

Mume wa muuza mahamri hakupiga kelele. Alikuja zahanati na wazee wawili, akaniamkia kwa adabu, akaniomba nisimguse tena mkewe. Nyumbani alimpa achague, sindano au ndoa. Akachagua ndoa, kwa sababu akiachwa na watoto watatu hakuwa na pa kwenda.

Niliandika barua kwa wakubwa. Sikutaka fidia. Nilitaka serikali isimame iseme hadharani kwamba wanawake hawa wameibiwa, na aliyewaiba atajwe. Wakamtuma afisa kutoka Nairobi, kijana nadhifu mwenye viatu vya ncha, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

"Madam, hiyo maneno iko juu yangu na yako," akasema. "Kompyuta ni ya hawa, barabara ni ya wale. Tukilaumu mmoja, tunakosa. Sisi ni marafiki wa wote. Unajua vile wazee walisema, ndovu wakipigana ni nyasi huumia."

"Nyasi hazina waume," nikamjibu.

Akacheka sana, akidhani nimemfanyia mzaha, kisha akauliza wapi anaweza kuchaji simu.

Miezi michache baadaye wa barabara wenyewe wakatutembelea, kugawa miwani ya bure. Yule afisa akatangulia kukagua. Akaona kwenye kompyuta kibandiko chenye bendera ya wale wengine, akashtuka kana kwamba ameona nyoka, akaniambia nikifiche, wageni wasije wakavunjika moyo. Kibandiko kiligoma kubanduka. Nikavua leso yangu ya begani nikaifunika kompyuta. Hotuba zikasomwa kuhusu urafiki wa kudumu, na mimi nikapiga makofi. Nalisema hili ili msidhani karaha yangu inaishia kwa wakubwa.

Yule muuza mahamri alikuwa kwenye foleni ya miwani. Macho yake mazima. Alitafuta tu sababu ya kuingia chumbani mwangu. Nilipompapasa tumbo, mimba ilikuwa ya miezi minne. Nikaona anastahili kujua ukweli, nikamweleza habari ya yale madola, nani aliiba kwa nani na kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na katika ugomvi wao huo, dada, nani ameshinda?"

"Hakuna. Wote wametuletea zawadi."

Akafunga leso yake vizuri, akanishukuru, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Miezi iliyosalia niliihesabu wiki kwa wiki. Nilimwendea mumewe kumsihi asimwache azalie nyumbani, naye, haki ya Mungu, hakubisha. Siku ilipofika alikodi gari mwenyewe, tukampeleka hospitali ya Msambweni sote. Kabla ya upasuaji mkewe aliulizwa kama angependa kufungwa mirija, ili asishike mimba tena. Mumewe alikuwa amesimama palepale, amemshika mkono. Mke akasema hapana.

Tulikaa kwenye benchi muda mrefu, mimi na yule bwana, yeye akivuta uradi kwa tasbihi, mimi nikiutazama mlango. Hatimaye daktari akatoka. Mama mzima, mtoto mzima. Kisha akanivuta pembeni kama mwenzake wa kazi, akaniambia kizazi kilikuwa kimekwisha, chembamba kiasi kwamba waliona nywele za mtoto kabla hawajakikata. Wamekishona walivyoweza. Akishika mimba tena, nisimhesabu kati ya walio hai.

Niliporudi wodini nikamkuta yule bwana amempakata mwanawe, anatokwa na machozi ya furaha bila haya. Alikuwa amenunua soda, akanipa ya kwanza.

"Ahsante sana, dada. Mungu akulipe. Mwakani, inshallah, tutampa mdogo wake."

Mkewe alikuwa macho. Hakumtazama mumewe; alinitazama mimi, akingoja nitakalosema. Nikainama juu ya mtoto, nikasema mashallah, mtoto mzuri, amefanana na baba yake.