Nilikuwa mkalimani wa dispensari Gisenyi, mtoto akanyweshwa dawa ya kupaka

Wakuu, habari za mchana. Mimi ni mzee, nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo sina nguvu za kutunga uongo. Haya yalinitokea mwenyewe.

Miaka ya hamsini, Mbelgiji bado yupo, nilikuwa mkalimani kwenye dispensari moja pale Gisenyi, Rwanda. Shati jeupe, kalamu mfukoni, viatu. Wakuu, viatu! Wakati huo nusu ya mji inatembea peku.

Kazi yenyewe: daktari anasema Kifaransa, mimi nawageuzia wagonjwa kwa Kiswahili.

Wagonjwa wengi walitoka vijijini, Nyakiriba na Kanama, wakulima wa viazi na maharage. Kiswahili chao kilitosha kuombea chumvi dukani.

Kinyarwanda nilikijua, ndicho alichonilelea mama yangu. Lakini msomi mzima niongee Kinyarwanda kazini kama niko shambani? Viatu ningevivalia nini sasa?

Siku moja akaja mama wa Nyakiriba, Verediana, binti yake mgongoni. Mtoto ana homa na upele. Daktari akatoa chupa mbili, nami nikamwaga hotuba kwa pumzi moja:

"Hii ni ya kunywa, kijiko moja asubui na mangaribi. Hii ni ya kupakaa, usichanganye, ikiisha urudi. Umesikia?"

"Ndiyo, Bwana."

Bingwa wa lugha mimi, nikaita anayefuata!

Kwetu, mwenye viatu akikuuliza kama umesikia, unajibu ndiyo. Kusema hapana ni kumkosea adabu. Nililijua hilo vizuri sana, na lilinirahisishia kazi.

Kesho yake Verediana akarudi mbio. Mtoto anatapika, midomo imebabuka. Alimnywesha ya kupaka.

Daktari akaniuliza kama nilieleza.

"Nilieleza, Docteur. Hawa watu hawaelewi."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho, mtoto analia pale pale. CV yangu ilikuwa salama, shida nini?

Walimhangaikia mpaka mchana, akatulia. Namshukuru Mungu mpaka leo.

Sasa mfagizi wetu, Mama Zaina, Mwislamu wa mjini ambaye Kiswahili ndicho cha nyumbani kwake, peku na ndoo yake, akaketi sakafuni na Verediana. Akaongea Kinyarwanda, jambo moja moja. Akafunga uzi mwekundu kwenye shingo ya chupa ya kupaka.

Hakumuuliza kama ameelewa. Alimwambia, "Nionyeshe utakavyofanya jioni."

Verediana akashika chupa yenye uzi, akaomba kijiko. Yaani hata kwa lugha yake, na hofu ile, maneno yalikuwa hayashiki.

Mama Zaina hakupandisha sauti. Akaanza upya. Mara ya tatu Verediana akapatia, akampaka mtoto mkono, taratibu.

Mimi niko mlangoni, aibu imenishika. Kinyarwanda kikanitoka chenyewe: "Ihangane, mubyeyi." Pole, mama.

Verediana akainua uso.

"Kumbe unakijua," akasema.

Basi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Somo, wakuu: mtu akikujibu ndiyo, usijipongeze. Mwambie akuonyeshe. Akikosea, punguza maneno, usiongeze sauti.

Haya, nanyi mnaopigia kelele wazazi wenu wasioelewa simu, karibuni kwenye comments. Ila viatu acheni mlangoni.