Vunja Jungu kwenye Ziwa la Mlimani

Kosa langu la kwanza kwa bibi lilikuwa kunyamaza. Nikiwa na miaka tisa niliazimia kwamba sitamsemesha kwa Kiswahili mpaka nikijue sawasawa, nisikosee hata neno moja. Alikuwa amekuja kutoka Unguja kututembelea Euless, Texas, tukalala chumba kimoja karibu miezi sita, na karibu muda wote huo yeye alizungumza nami kwa Kiswahili, mimi nikamjibu "yes, Bibi" na "no, Bibi". Nilimwelewa kila alichosema. Yeye hakulijua hilo.

Msimu uliopita wa majani kupukutika nilirudi na mke wangu na mtoto wetu mchanga kwenye ziwa moja dogo, juu kabisa milimani, upande wa Colorado. Nilipofungua mlango wa gari nikanusa moshi wa msonobari, nikabaki nimeushika mlango. Mke wangu akaniuliza kama nimesahau ufunguo. Sikuwa nimesahau kitu. Nilikuwa nimekumbuka vingi mno kwa mara moja.

Lakini ngoja nikurudishe kwanza Euless, maana bila Euless ziwa halina maana.

Tulikaa ghorofa ya pili, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba vikombe vililia kabatini ndege zikipita. Baba alipakia mizigo huko uwanjani, mama alihudumia wazee kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee. Mchana bibi alibaki peke yake, na adui yake mkubwa alikuwa kengele ya moshi iliyobandikwa darini. Kila akikaanga kitunguu, ilipiga kelele. Baba, kama yupo, alipanda kiti akaipepea kwa kanga. Kama hayupo, bibi alizima jiko na kwenda kukaa kitandani. Huyu ni mwanamke ambaye kwao aliitwa kupika kwenye arusi za watu, aliyetambua nazi nzuri kwa kuigonga tu. Nyumba yetu ilikiogopa kitunguu.

Mwaka ule Ramadhani ilikuwa inaangukia Oktoba. Tiketi ya bibi ilikuwa ya siku chache kabla ya mwezi kuandama. Baba alimsihi aisogeze mbele.

"Mama, kaa walau mpaka sikukuu. Mjukuu wako anataka kufunga mwezi mzima kwa mara ya kwanza."

"Nitafungaje mahali nisiposikia adhana," bibi alisema, "na kitunguu nakaanga kwa kuiba?"

Nilikuwa chini ya meza nikijifanya nachora. Mimi ndiye niliyetaka akae kuliko wote. Nilitaka yeye aniamshe daku, si saa ya mezani. Nilitaka futari iwe na sauti yake. Lakini kumwambia ilibidi niseme kwa Kiswahili, na Kiswahili changu hakikuwa tayari. Kwa hiyo, kama kawaida yangu, nikatafuta kitu cha kupanga.

Jikoni tulikuwa na kalenda aliyopewa baba kazini. Picha ya mwezi wa kumi ilikuwa ziwa: maji ya kijani kibichi, mlima wenye theluji kidogo utosini, na miti ya manjano mtupu. Bibi alikuwa ameifunua kabla ya wakati wake na kuiacha hapo. Kila asubuhi alisimama mbele yake na bilauri ya chai ya rangi, akiniuliza, "Mume wangu, haya maji ya wapi?" Kwetu bibi humtania mjukuu wake wa kiume hivyo, mume wangu, na mimi niliombea asiniite hivyo mbele ya basi la shule. Nilijua jibu. Nilikuwa nimeshaitafuta sehemu hiyo kwenye atlasi ya maktaba. Nikamwambia, "I don't know, Bibi."

Nikamwendea baba kwa Kiingereza. Nikamwambia twende tukavunje jungu kule kwenye ziwa la kalenda. Kama hujui, vunja jungu ni ile karamu ya watu wa pwani ya siku za mwisho kabla ya Ramadhani: mnatoka na masufuria yenu, mnapika nje, mnakula mpaka mnajuta, kisha mnaingia kwenye mfungo. Bibi alitusimulia sana habari zake. Baba alicheka mpaka akakohoa. Safari ya siku nzima na ushee, kwa ajili ya sahani ya pilau!

Aliyetuokoa ni jirani yetu wa mlango wa pili, Mkongo, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, aliyefanya kazi kwenye bohari la mizigo. Alikuwa na gari kubwa la abiria wengi na hamu kubwa ya milima. "Miye natoka Kivu," alisema. "Hapa Texas inchi iko sawa kama meza. Nita-drive miye. Munipatie tu chakula." Bibi alimpenda kwa sababu Kiswahili chake hakikufanana na cha kwao hata kidogo, na yeye hakujali.

Mama alitaka tupike kila kitu nyumbani tubebe. Mimi nikakataa katakata. Nikamweleza baba, kwa hoja za mtoto aliyesoma sana, kwamba jungu lisilopikwa hapo hapo si jungu. Tukakubaliana nusu kwa nusu: nyama ya mbuzi ichemshwe nyumbani, wali upikwe ziwani. Siku ya safari nilivaa saa yangu mpya ya mkononi, nikajipa kazi ya kusimamia muda. Moyoni nilikuwa na hesabu rahisi. Siku ikienda sawa, bibi atabaki. Ikiharibika, ataondoka.

Tulipita Amarillo, tukalala njiani kwenye chumba kimoja wote, na asubuhi barabara ikaanza kupanda. Masikio yakaziba. Mifuko ya krispi ikavimba kama maputo, mmoja ukapasuka jirani akapiga kelele kama aliyepigwa risasi, kisha akajicheka mwenyewe. Halafu kona moja, na ziwa likawa mbele yetu.

Nisamehe, sijui kulieleza vizuri, na nimejaribu miaka mingi. Picha ya kalenda ilikuwa imedanganya kwa kupunguza. Maji yalitulia hivi kwamba mlima ulikuwa miwili, mmoja juu na mmoja chini. Miti ya magome meupe ilishuka hadi ukingoni, na majani yake ya manjano hayakutulia hata pasipo upepo. Yalitikisika yote pamoja, yakatoa mlio mwembamba kama mvua ya mbali. Bibi alishuka garini na koti la baba juu ya baibui lake. Akasimama. Akasema taratibu, "Subhanallah. Mlima umevaa dhahabu kumshinda biarusi." Kisha akashuka kutawadha, akaingiza mkono majini na kuutoa upesi. "Yanauma kama siafu!" Akaurudisha. Alitawadha hadi mwisho, akacheka peke yake, akatandika msala wake juu ya majani.

Moto uliwashwa kwenye duara la mawe. Bibi akakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawa, moshi ukapaa moja kwa moja mbinguni, hakuna kilicholia. Akautazama moshi ule kama mtu anayemtazama ndugu akifika. Bizari, mdalasini, hiliki. Nyama, mchuzi wake, kisha mchele. Nikaangalia saa yangu.

Wakati wa wali kuiva ulifika ukapita. Bibi akachota punje, akaitafuna. Ilisikika. Akaongeza maji. Maji yalichemka kwa fujo, yakaruka mpaka kwenye mfuniko, na mchele ukabaki vile vile, mgumu moyoni.

"Maji haya yana mdomo tu," bibi alisema. "Moto hayana."

"Labda mchele mbovu, Mama," baba akasema.

"Mchele nimeuchagua kwa mikono yangu. Usinitukanie mchele."

"Mama, uyu muchele iko na kichwa nguvu," jirani akasema, akilisogelea sufuria kwa njaa. "Kwetu huko juu, maharagi unaanza asubui, unakula magaribi."

"Mimi nilisema tupike nyumbani," mama akasema. Hakunitazama, lakini sote tulijua anasema na nani.

Baadaye nilisoma mwenyewe, maktaba, kwamba juu milimani maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Siku ile sikujua. Siku ile nilijua tu kwamba siku imeharibika, na mharibifu ni mimi, na ndege itamchukua bibi. Nikajisikia nikisema kwa sauti, mbele ya wote, bila kupanga neno hata moja:

"Bibi usiende. Mimi ndiyo nilisema tupike huku, si mama. Mimi nitapika tena. Kaa na sisi, tufunge na wewe, uniamshe wewe."

Hata jirani aliacha kulitazama sufuria. Bibi akauweka mwiko chini.

"Nani kasema?"

"Kasema mumeo," baba akajibu.

"Huyu? Ana kinywa huyu?" Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anayekagua papai. "Miezi yote hii nalala na bubu, kumbe bubu ananisikia navyomsengenya mama yake!"

"Heh!" mama akaruka. "Umenisengenya nini, Mama?"

"Siri ya mtu na mumewe, mwanangu. Haikuhusu."

Jirani akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, kamasi zikinitoka, saa yangu imejaa masizi. Bibi hakunipa nafasi ya kuendelea kulia. Akaagiza unga kutoka kwenye kapu la mama, akaukanda kwa maji ya ziwani, akauviringisha kama kamba, akaziba nao ukingo wa mfuniko wote, mvuke usipate pa kutokea. Akamtuma baba jiwe la kukandamiza. Kisha akapalia moto juu, makaa mekundu yakajipanga mfunikoni, kitu ambacho jiko letu la umeme lilikuwa limemnyima tangu afike. Niliiona mikono yake. Hakusita popote. Niliona kwa mara ya kwanza mtu waliyekuwa wakimwita kwenye arusi.

"Sasa tuliache," akasema. "Ukilitazama linaona haya. Mume wangu, nitembeze."

Tukazunguka ukingo wa ziwa. Aliniuliza kila kitu alichokuwa akiniuliza tangu aje: haya maji ya wapi, watu hapa wanavua nini, mwalimu wako mkali? Nikajibu vibaya vibaya. Neno likinikimbia nilionyesha kwa kidole. Mnyama akalia ng'ambo, kilio kirefu chembamba kama parapanda, na bibi akaniuliza nani anapiga mbiu. Nikamwambia ni kulungu mkubwa, dume, anaita wake zake. "Na wanaitika?" Nikasema sijui. "Bora anaita," bibi akasema.

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima tulipovunja ule unga. Pilau lilikuwa limeiva, karibu lote. Juu palikuwa na punje zilizobisha, chini pakafanya ukoko mzito wa rangi ya shaba. Jirani na baba waligombea ukoko kama watoto, mama akawapora wote wawili. Tulikula tumejifunika mablanketi, vidole vikiwaka kwa joto na mgongo ukiganda. Sijawahi kula pilau lenye makosa mengi kama lile, wala tamu kama lile.

Tulipokuwa tukisugua masufuria kwa mchanga, bibi alimwambia baba bila kuinua kichwa, "Hiyo tiketi isogeze. Lakini kitunguu nitakaanga nje."

Na Ramadhani yote alikaanga nje, kwenye jiko la kuchomea nyama lililokuwa karibu na maegesho, amevaa koti la baba, watu wa mizigo wakirudi zamu wanapunguza mwendo kunusa. Mimi sikuufunga mwezi mzima. Siku mbili zilinishinda, nikalia, bibi akasema zitalipwa. Aliniamsha daku kwa kunivuta dole gumba la mguu. Tulizungumza gizani, yeye sahihi, mimi hovyo.

Aliondoka baada ya Idi na hakurudi tena. Miaka michache baadaye simu ya msiba ilipigwa kutoka Unguja, kwao alfajiri, kwetu usiku, na baba akazima televisheni. Jirani alihamia Houston, huko ardhi ni tambarare zaidi, anasema, lakini ana watoto wake karibu. Ghorofa zetu zimepakwa rangi ya kijivu, na lile jiko la nje limeng'olewa. Nikitaka kuisikia sauti ya bibi lazima nitulie sana, na hata hivyo huja nusu.

Ziwa lipo. Msimu uliopita nilipika wali pale, kwenye jiko dogo la gesi, haukuiva, nikaomba unga nikaziba mfuniko. Mke wangu alishangaa nilijifunza wapi.

Nimebadilika kwa haya mawili. Sivai tena saa ninapopika. Na mwanangu, ambaye ndiyo kwanza anaanza kutoa sauti, namsemesha Kiswahili nilichonacho, pamoja na makosa yake yote.